Tulijenga upya tovuti ya kampuni yetu ya kupandisha wageni Kilimanjaro, maswali ya wateja yakakauka. Soma kabla hujamlipa fundi

#1 Mleta uzi (Moshi)

Wakuu, habari za muda huu. Nimekuwa msomaji tu humu kwa miaka, leo nimeona nitoe nilicho nacho, maana kila wiki kuna mtu anauliza: "Tovuti yangu imezeeka, nipeni fundi mzuri." Uzi ni mrefu, vumilieni.

Tuna kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani, ofisi iko Moshi mjini. Tovuti yetu ya kwanza ilijengwa 2013. Ilikuwa na kurasa kama arobaini: njia za kupandia (Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, Umbwe), bei, hali ya hewa mwezi kwa mwezi, na ukurasa mmoja mrefu wa orodha ya vifaa. Huo uliandikwa na kiongozi wetu mkongwe, mzee ambaye mlima anaujua kama shamba lake. Alieleza ubebe soksi ngapi, chupa ya maji uigeuze vipi usiku wa kilele ili barafu isizibe mdomo wake, na kwa nini betri ya simu ulale nayo ndani ya begi la kulalia. Ukurasa ule haukuwa na hata picha moja.

Mwaka 2022 tukaamua kuijenga upya. Tulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya haki kabisa: kwenye simu haikusomeka. Mgeni alilazimika kupanua maandishi kwa vidole viwili na kusukuma kushoto na kulia kila mstari. Google walianza tarehe 21 Aprili 2015 kuzipendelea kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu pale mtu anapotafuta kwa simu, na baadaye wakahamia kwenye kuipima tovuti kwa toleo lake la simu kwanza. Tulikuwa tumechelewa miaka saba.

Sababu ya pili ni kwamba tulikuwa tumeichoka sisi wenyewe. Tunaiona kila siku, na jirani yetu wa biashara kazindua mpya yenye video ya droni. Sasa fikirini: mgeni wa Uholanzi anayepanga kupanda Kilimanjaro mara moja maishani ataichokaje tovuti ambayo ndiyo kwanza anaifungua? Hiyo sababu ya pili ndiyo iliyoendesha kazi yote, na ndipo tulipoharibu.

Tulimpa fundi nembo, picha na uhuru. Hatukumpa orodha ya kurasa zinazotuletea watu kwa sababu hata sisi hatukuwa nayo. Fundi akajenga kitu kizuri cha kutazama. Video inajaza skrini, menyu ina maneno manne tu, kurasa arobaini zikawa tisa. Njia zote za mlima zikawekwa kwenye ukurasa mmoja wa kuteremka chini. Orodha ya mzee ikatolewa kwa kuwa "ni maandishi matupu." Nami nilikubali, niko hapa nasema nilikubali.

Tukazindua katikati ya Desemba. Hapo pia tulikosea, na wenye biashara ya msimu mnisikilize vizuri. Wageni wengi wanaotaka kupanda kati ya Juni na Oktoba huanza kuuliza Januari hadi Machi. Yaani tulibomoa duka wakati wateja wanaingia mlangoni.

Tulizoea kupata maswali kama ishirini kwa wiki kupitia fomu. Kufikia wiki ya pili ya Januari yalikuwa manne, wiki nyingine matatu. Tulisingizia hali ya uchumi huko Ulaya, tukasingizia nauli za ndege. Februari mgeni wetu wa zamani akatuandikia barua pepe ya kirafiki: alitaka kumtumia dada yake ile orodha ya vifaa, lakini kiungo alichokihifadhi kinamwambia ukurasa haupo. Nikajaribu mwenyewe. Nikajaribu wa Rongai, haupo. Lemosho siku 8, haupo. Kila anwani ya zamani ilikuwa imekufa, na hakuna hata moja iliyoelekezwa kwenye ukurasa mpya.

Bahati nzuri akaunti ya Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, ilikuwa kwenye barua pepe ya zamani ya ofisi. Ile inakuonyesha miezi 16 ya nyuma: watu walitafuta nini, wakafika ukurasa gani. Nilikaa nayo usiku kucha. Ukurasa uliokuwa unaleta watu wengi kuliko wote, kuliko hata ukurasa wa mbele, ni orodha ya mzee. Wageni waliowahi kupanda walikuwa wameiweka kwenye blogu zao, wengine kwenye majukwaa ya wapanda milima. Viungo vya miaka tisa vilikuwa vinaelekea kwenye shimo.

Tulichofanya ni hiki. Maandishi ya kurasa za zamani hatukuwa na bakapu (nakala ya akiba) yake, tukayapata kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambao huhifadhi nakala za tovuti za dunia nzima. Tukaandika jedwali: safu ya kwanza anwani ya zamani, safu ya pili anwani mpya. Kila njia ya mlima ikarudishiwa ukurasa wake. Orodha ya vifaa ikarudi neno kwa neno, ila safari hii inasomeka kwenye simu. Kisha kila anwani ya zamani ikaelekezwa kwa 301, yaani alama inayowaambia Google na vivinjari kwamba ukurasa umehama kwa kudumu. Tulimaliza mwishoni mwa Februari. Maswali yalianza kuongezeka Aprili, na hesabu ya mwanzo tuliifikia Julai. Msimu ule ulishatupita. Wapagazi na wapishi tuliozoea kuwapa kazi ya mfululizo walikaa nyumbani, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Video tuliitoa pia. Ilikuwa na megabaiti 11. Google wanapendekeza kipande kilicho kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, yetu kwa simu ya kawaida ilichukua zaidi ya 9. Badala yake tukaweka picha moja ya kambi ya Barranco iliyobanwa vizuri.

Maswali karibuni, nitajibu kadiri nitakavyoweza.

#2 Mdau (Kariakoo)

Mkuu pole sana, na asante kwa kusema wazi. Mimi nauza spea za magari hapa Kariakoo. Wateja wangu wote wako WhatsApp na Instagram. Tovuti ninayo, ilijengwa 2018, haina mtu. Watu wananiambia niijenge upya. Nijenge ya nini?

#3 Mleta uzi

Kaka, kwa ulivyoeleza usijenge, kwa sasa. Jiulize mteja wako anatafuta vipi. Kama anakujua kwa jina au kaelekezwa na fundi wa gereji, tovuti mpya haitamwongeza. Kama anaandika Google "shock absorber za Noah Kariakoo" bila kukujua, hapo una kazi ya kufanya, na hata hapo anza na wasifu wa biashara kwenye ramani ya Google, ni bure: weka saa za kazi, picha ya duka kwa nje ili mtu alitambue mtaani, na namba ya simu. Ile tovuti ya 2018 ipunguze iwe ukurasa mmoja wenye spea unazouza kwa majina wanayoyatumia watu na kitufe cha WhatsApp. Hiyo ni kazi ya siku mbili.

#4 Fundi wa tovuti (Dar)

Naomba niongee upande wa mafundi, maana huwa tunabebeshwa mzigo wote. Mleta uzi amekuwa muungwana, amesema hakumpa fundi orodha. Ndivyo ilivyo kwa wateja wengi. Mtu anakuja na sentensi moja, "nataka ya kisasa," na kiungo cha tovuti ya kampuni ya Marekani anayoipenda. Ukimwomba maandishi anakwambia chukua yaliyoko. Ukimuuliza nani ana neno la siri la seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), kimya.

Lakini na sisi tuna makosa yetu, na mengine ni ya aibu. Kosa ninalokutana nalo sana: kwenye WordPress, programu ya kujengea tovuti, kuna kisanduku kwenye mipangilio ya usomaji kinachoziomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti. Tunakiwasha wakati wa kujenga, na hapo ni sahihi. Halafu tunazindua tukiwa tumekisahau. Tovuti inapendeza, mwenye mali anashangilia, na wakati huohuo tumewaambia Google wakae mbali. Nimewahi kuitwa kwenye tovuti iliyokaa hivyo miezi mitano. Siku ya uzinduzi kisanduku kile ndicho kitu cha kwanza kukiangalia.

La pili ni hizo 301. Ziache angalau mwaka mmoja, na mimi wateja wangu nawaambia zikae siku zote, hazina gharama. Na msielekeze kila anwani ya zamani kwenye ukurasa wa mbele eti mmemaliza. Mtu aliyetafuta Rongai ukimtupa kwenye ukurasa wa mbele anaondoka, na Google wanaweza kuuchukulia huo kama ukurasa usiokuwepo.

Na hili si la kampuni ndogo tu. Marks & Spencer, kampuni ya maduka makubwa ya Uingereza, walizindua tovuti mpya Februari 2014, kazi ya takribani pauni milioni 150, wakihama kutoka mfumo wa Amazon. Wateja wao, mamilioni, wakatakiwa kujisajili upya. Robo mwaka iliyofuata mauzo ya mtandaoni yalishuka kwa 8.1%. Wana wataalamu, wana fedha, na bado walimwekea mteja wa zamani kizuizi mlangoni.

#5 Mdau (Mombasa)

Hamjambo nyote. Niko Nyali, tunakodisha hema, viti na vyombo vya harusi. Tovuti yetu ni ya 2016. Swali langu kwa mleta uzi: nitajuaje kwamba wakati umefika kweli, si kwamba nimeichoka tu kama ulivyosema?

#6 Mleta uzi

Dada yangu, swali lako ndilo kiini cha huu uzi, acha nilijibu taratibu.

Mimi sasa naangalia kama kuna kitu kimebadilika nje ya macho yangu. Je, unachouza kimebadilika? Mlikuwa mnakodisha viti tu, sasa mnapamba ukumbi mzima na mnapika pilau ya watu mia tano, na tovuti bado inasema viti. Je, anayenunua amebadilika? Zamani alikuwa mzazi wa bwana harusi, leo ni kamati au mpangaji wa shughuli anayetaka bei ya jumla kwa haraka. Je, namna ya kukufikia imebadilika? Alikuwa anapiga simu ya mezani, leo anataka kulipa amana kwa M-Pesa akiwa kwenye matatu. Ukijibu ndiyo kwa mojawapo, una sababu ya kujenga upya, na jibu lenyewe linakuonyesha ukurasa gani uanze nao.

Kuna mambo mengi yanayoitwa "tovuti imezeeka" ambayo ni matengenezo tu. Kivinjari kuandika kwamba tovuti si salama, kwa mfano: Chrome wanafanya hivyo tangu Julai 2018 kwa kila tovuti isiyo na https (njia salama ya mawasiliano), na cheti chake unakipata bure kwa Let's Encrypt. Kurasa kuwa nzito mara nyingi ni picha zilizopakiwa moja kwa moja kutoka kwenye kamera. Bei za zamani, namba ya simu iliyofungwa, fomu isiyofika: hayo ni mchana mmoja wa kazi. Fomu hasa. Jaza fomu yako mwenyewe leo, uone kama ujumbe unafika au unaangukia kwenye barua taka. Sisi tuligundua fomu ya Kijerumani haikuwa inafika kwa zaidi ya mwezi.

Njia iliyotusaidia kuliko zote ni kuwakabidhi watu simu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya matatizo. Sisi tuliwatumia wageni wenyewe: jioni kabla ya kupanda wanakuja ofisini kupewa maelekezo, wengine wanasubiri wenzao. Ninampa mmoja simu ya ofisi, namwambia, "Tafuta Lemosho siku 8 na uniambie bei inajumuisha nini," kisha nafunga mdomo. Kufunga mdomo ndiyo kazi ngumu. Unamwona anapita juu ya kitu ulichokiona dhahiri kama jua.

Kati ya watano, wanne walikwama palepale: hawakujua kama ada za hifadhi zimo kwenye bei, na hawakujua bakshishi ya wapagazi ni kiasi gani. Hakuna aliyesema neno kuhusu rangi. Tukaandika mistari sita chini ya bei kueleza kilichomo na kisichomo. Maswali ya "kwani ada ya hifadhi iko humo?" yakapungua sana, na waliouliza wakawa wanauliza tarehe. Jaribu na kamati ya harusi moja, utashangaa.

#7 Mdau (Jambiani, Unguja)

Asalaam aleikum. Mimi nina nyumba ya wageni ya vyumba saba. Nataka kufanya mambo mawili kwa pamoja: sura mpya, na kutoka kwenye .com kuja .co.tz. Nifanye siku moja nimalize au vipi?

#8 Fundi wa tovuti (Dar)

Waaleikum salaam sheikh. Usifanye siku moja. Vitu viwili vikibadilika pamoja na wageni wakapungua, hutajua kipi kimeharibu. Hamisha domeini (hilo jina la tovuti) kwanza ukiwa na sura ileile, kurasa zilezile, 301 kwa kila ukurasa, na uwaarifu Google kupitia zana ya kubadilisha anwani iliyomo ndani ya Search Console. Subiri miezi miwili mitatu hali itulie, ndipo uguse sura. Na ile .com usiiache iishe muda wake. Endelea kuilipia. Ikichukuliwa na mwingine, ana viungo vyako vyote vya zamani na barua pepe za wageni wako zitaelekea kwake.

Ningekuuliza pia kwa nini unahama. Kama wageni wako wengi wanatoka nje na .com wameizoea, faida ni ndogo.

#9 Mleta uzi

Naunga mkono. Naongeza kuhusu wakati: Unguja masika yenu ni Machi hadi Mei kama huku mlimani, nyumba nyingi zinapumua. Sisi tangu mwaka ule mabadiliko makubwa tunayaweka Aprili. Wanaouliza kwa ajili ya Julai wengi wameshauliza, mlima una mvua, vijana wa ofisi wana nafasi ya kukagua kila kiungo. Na tunazindua Jumanne asubuhi. Ukizindua Ijumaa jioni, kosa linakaa hadi Jumatatu.

Jambo jingine ambalo sikuliweka mwanzo. Fomu yetu ya zamani ilikuwa inamwomba mgeni namba ya pasipoti na maelezo ya afya, pumu, presha, dawa anazotumia, na yote yanatua kwenye barua pepe ambayo watu sita wanaifungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni taarifa nyeti. Kenya mnayo yenu ya 2019. Hiyo kwetu ingekuwa sababu ya kweli ya kujenga upya, kuliko droni. Sasa fomu ya kwanza inauliza jina, barua pepe, njia na mwezi. Habari za afya zinakuja baadaye, mgeni akishathibitisha, na anayezisoma ni kiongozi atakayepanda naye na meneja tu. Na fomu ilipofupishwa, wanaoimaliza wameongezeka.

#10 Mdau (Mombasa)

Asante sana. Nimeanza leo. Nimeijaribu fomu, inafika. Nikatazama domeini imesajiliwa kwa jina la nani, nikapata ni la kijana aliyetujengea 2016, na barua pepe ni yake. Kampuni yetu haipo popote. Mnashauri nini?

#11 Mleta uzi

Usimjengee uadui, mara nyingi walifanya hivyo kurahisisha kazi tu. Mpigie kwa heshima, mwombe abadilishe mwenye usajili awe kampuni, na barua pepe iwe ya ofisi, isiwe ya mfanyakazi mmoja. Mpatie ada kidogo ya muda wake. Mpaka hilo limekamilika usitangaze kwa yeyote kwamba unatafuta fundi mwingine.

Ukifika kwenye mkataba mpya, malipo yagawe mara tatu, na fungu la mwisho lilipwe siku 30 baada ya kuzindua, mkishakagua pamoja kwamba anwani zote za zamani zinafika panapotakiwa. Fundi mzuri atakubali. Huyu aliyeturekebishia sisi ndiye aliyependekeza mwenyewe.

#12 Mdau (Mombasa)

Nimempigia. Yuko Kisumu siku hizi, ameoa. Amecheka, akasema alidhani tulishafunga biashara. Amekubali, Jumatatu tunakaa kwenye simu tubadilishe pamoja.

#13 Fundi wa tovuti (Dar)

Safi sana dada. Kabla ya Jumatatu mwombe bakapu mbili, faili za tovuti na kanzidata, uziweke kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye diski ya pembeni. Na umuulize barua pepe za ofisi ziko kwenye seva gani. Mkibadilisha mipangilio ya domeini bila kuziandika rekodi za barua pepe (mistari inayoelekeza barua ziende seva gani), Jumanne mtaamka hampokei kitu.